Kumtafuta Mdudu wa Mawe Mlima Elgon

Jumatano moja ya Agosti, mwaka wa 1988, rafiki yangu Kundu aliniomba tupande naye Mlima Elgon kutafuta viumbe waliogeuka mawe, nami nikakubali. Nilipaswa kukataa. Sababu ya kukataa nilikuwa nayo, imefungwa kamba nyuma ya nyumba: fahali mwekundu niliyemlea kwa ajili ya Barasa, mtoto wa pekee wa dada yangu wa pekee, Nekesa.

Ulikuwa mwaka wa tohara. Sisi Wabukusu hutahiri Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Siku moja kabla ya kisu, kijana huja akikimbia na njuga mikononi hadi kwa khocha, yaani mjomba wake, kaka wa mama yake. Mjomba humchinjia, hukata ukanda wa nyama ya kidari uitwao luliki, na kumvika shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Kijana hurudi kwa baba yake akiwa ameuvaa, na kila anayekutana naye njiani huona kwamba watu wa mama yake wamesimama naye. Barasa alikuwa aje Jumamosi. Kundu aliniahidi kwamba Ijumaa tungekuwa tumerudi.

"Siku mbili tu, bana," alisema. "Hata huyo fahali hatajua umetoka."

Kundu tulisoma naye sekondari. Mimi niliishia kuwa karani wa chama cha wakulima hapa Chwele, yeye akawa fundi wa redio Kitale. Alikuwa na kitabu cha sayansi kisichokuwa na jalada, na ndani yake mlikuwa na picha ya trilobiti, mdudu wa bahari ya kale, mgongo wake umegawanyika mapande mapande kama kiti cha ukindu. Kitabu kilisema wadudu hao walikwisha duniani kabla mnyama yeyote tunayemjua hajazaliwa, ila miili yao imebaki ndani ya miamba. Tulikuwa tumeipenda picha hiyo tangu kidato cha pili. Wanaume wawili wenye watoto, tukikutana tunaifungua kama watu wanaoangalia picha ya harusi.

Mke wangu, Mama Rose, aliitazama akiwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Mnaacha boma kwenda kutafuta mende?"

"Si mende," Kundu akamwambia. "Huyu ni wa zamani, shemeji."

"Mende mzee, basi. Jumamosi nikimwona Barasa nimwambie mjomba wake ameenda kwa mende?"

Tukacheka sote watatu. Nilimwambia Ijumaa jioni aniwekee maji ya kuoga.

Alhamisi asubuhi tulikuwa Kitale. Baridi ya Trans-Nzoia ilikuwa imetulia juu ya mji, na wauza mboga walikuwa wamejifunga mashuka kifuani. Kabla ya kupanda tulipita kwenye makumbusho, kwa sababu Kundu alitaka mtu aliyesoma aitazame ile picha. Alitoka bwana mmoja mpole, miwani imening'inia shingoni. Aliiangalia picha kwa muda, kisha akatuangalia sisi.

"Huyu aliishi baharini, zaidi ya miaka milioni mia tano iliyopita," alisema. "Elgon ni mlima wa moto. Ukilinganisha na huyu, umezaliwa jana. Hamtampata huko hata mkichimba mpaka Uganda."

"Na tukianzia Uganda tukija huku?" Kundu akauliza.

Yule bwana alicheka hadi miwani yake ikatikisika kifuani. Alituambia kwamba tusikate tamaa kabisa. Mlima ulipokuwa ukitapika, majivu yaliangukia misitu na kuifunika, na baadhi ya miti ikageuka mawe polepole humo ndani. Kwenye kuta za mapango mengine inaonekana. "Mkiona kitu, kiacheni palepale mje mniite," alisema. "Kikitolewa vibaya hakirudi."

Tulimshukuru. Nje, Kundu alifunga kitabu na kukitia ndani ya koti. "Anasema hakuna," nikamwambia. "Anasema hajaona," akanijibu. Hapo pia ningeweza kurudi nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa na mtu anayejua kwamba tulichokuwa tunakitafuta hakipo.

Pikapu ya maziwa ilitubeba hadi Endebess, tukiwa tumekaa juu ya mikebe mitupu. Kutoka hapo tulipanda kwa miguu, tukayaacha mashamba makubwa ya mahindi na kuingia kwenye vijishamba vya viazi na vitunguu vilivyobandikwa kwenye mteremko. Hewa ilikuwa na harufu ya mierezi na moshi wa kuni mbichi. Kila tulipogeuka, nchi ya chini ilikuwa imepanuka zaidi, na Kundu, ambaye kifua chake hakikuwa kizuri, alisingizia kuitazama ili apumzike.

Jioni tulipokelewa na Mzee Ndiwa, Msabaoti mfugaji ambaye Kundu aliwahi kumtengenezea redio. Mke wake, Mama Cherop, alitumiminia maziwa ya kibuyu, mazito, yenye harufu ya mkaa. Ndiwa aliishika picha yetu karibu na moto.

"Hii najua," alisema. "Hii ni kupe."

"Kupe gani ana ukubwa wa sahani?" mkewe akamuuliza.

"Kupe ya ng'ombe ya Nuhu."

Tulicheka hadi Kundu akaanza kukohoa. Kisha Ndiwa akanigeukia mimi. "Lakini nyinyi Wabukusu si mko na sherehe? Ati huko Kimilili njuga zinalia mpaka ng'ombe zinakataa kulala. Wewe huna mtu?"

"Niko na mpwa wangu. Jumamosi anakuja kuchukua nyama."

Ndiwa aliweka kikombe chini. "Jumamosi hii? Na wewe ndio khocha?"

"Kesho ninashuka, mzee."

"Shuka asubuhi," Mama Cherop akasema, bila kucheka. "Hii barabara ikinyeshewa haikujui."

Ijumaa hatukushuka asubuhi, kwa sababu ndiyo kwanza tulikuwa tunaanza. Ndiwa alitupeleka kwenye pango ambalo ng'ombe wa ukoo wake hulambia chumvi. Mdomo wake ulikuwa mpana kama wa kanisa, na uzi wa maji ulidondoka mbele yake kutoka juu ya jabali. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya popo na samadi. Kuta zilikuwa zimejaa makovu ya mashoka, mahali ambapo watu wamechimba chumvi ya mifugo tangu babu za babu zao. Ukimulika kwa tochi, vipande vyeupe vilimetameta.

Kundu alifanya kazi kama alivyozoea dukani mwake. Aliligonga jabali kwa kucha, akaweka sikio, akasogea, akagonga tena. "Kuna stesheni hapa," alikuwa akisema, "ila inakwaruza." Nilimpenda sana siku hiyo. Nimekaa na watu wengi wakubwa, lakini sijaona mtu mwingine anayefurahia dunia hivyo bila kumiliki chochote ndani yake.

Saa nane mchana tulikuwa hatujapata kitu, nikafunga mfuko wangu niondoke. Hapo ndipo Kundu aliponiita. Mwishoni mwa pango, usawa wa goti, shina jeusi lilitokeza ukutani. Ganda lake lilionekana, na pale lilipokatika miduara ya miaka yake ilihesabika. Niliweka kiganja. Macho yaliona mti, mkono ulishika jiwe baridi.

"Nenda," Kundu aliniambia. "Umechelewa tayari. Mimi nitabaki nalo."

Alisema hivyo. Nataka msomaji ajue, kwa sababu baadaye watu wa kwetu walimlaumu yeye. Kundu aliniambia niende, na bado kulikuwa na mwanga wa kufika Endebess. Lakini nilikuwa nimeishi miaka yangu yote nikijaza hesabu za mahindi ya watu wengine, na nilitaka mkono utakaotoa kitu kile uwe wangu. Nilijiambia kwamba nikitoka Jumamosi alfajiri nitawahi mchana.

Jioni ile shina halikutoka, na Jumamosi alfajiri nilirudi pangoni. Nilijua jua likipanda Barasa atakuwa ametoka kwa baba yake Sirisia na waimbaji wake, na nikaendelea kugonga. Kundu alinikumbusha mara mbili, kisha akaanza kunisaidia ili nimalize upesi. Hatukuwa na patasi nzuri, na maneno ya bwana wa makumbusho tuliyaacha nje. Shina lilitoa mlio kama kijiti kikavu na kupasuka. Kilichobaki mikononi mwangu kilikuwa kipande kisichozidi kiatu cha mtoto, na vingine vikawa kokoto miguuni mwetu.

Kundu alichuchumaa akaviokota kimoja kimoja. Hakunilaumu. "Angalau tulikiona kikiwa kizima," alisema.

Mvua ilitukuta mlangoni pa pango. Mama Cherop alikuwa amesema kweli kuhusu barabara. Pikapu ya maziwa tuliikuta imezama hadi ekseli, tukaisukuma pamoja na dereva hadi nguo zetu zote zikawa rangi moja. Tuliingia Kitale giza likianza, na hapakuwa tena na gari la kwenda Kimilili. Nililala sakafuni mwa duka la Kundu, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo.

Jumapili nilipanda gari la kwanza, na kutoka Kimilili nikaja kwa miguu. Kabla sijafika kwangu nilimsikia fahali akilia. Alikuwa palepale nilipomwacha, mzima, kamba shingoni, na nyasi za ua wote zilikuwa zimekanyagwa na miguu ya watu.

Mama Rose hakunifokea. Alinisimulia akichambua maharagwe. Barasa alifika mchana, vumbi hadi kwenye nyusi, akipiga njuga, na kundi lake likaimba uani likinisubiri nitoke na kisu. Waliimba mpaka sauti zikakauka. Mzee wa ukoo wetu aliyekuwepo alikataza fahali asiguswe: mnyama wa mwenyewe aliye hai hachinjwi na jirani, na mimi sikuwa nimeacha neno kwa mtu. Vijana wakaanza kutania.

"Khocha ameolewa mlimani!"

"Si mngoje, ameenda kumtafutia mende aliyenona!"

Barasa alicheka nao kidogo, kisha akaacha. Jua lilipoinama, na ilibidi awe kwao kabla ya giza, Mama Rose alikimbia sokoni Chwele akanunua kidari kwenye buchari. Akamvika mwenyewe. "Ningefanya nini?" aliniuliza. "Nilikata mahali pazuri. Sikuona kwamba pana muhuri."

Ulikuwa muhuri wa mkaguzi wa nyama, wa wino wa zambarau. Mpwa wangu alipita nao kifuani katikati ya Chwele na barabara yote hadi Sirisia, watu wakiusoma. Kabla ya kisu kumgusa alikuwa amepata jina la utani, Muhuri, na linamfuata hadi leo.

Jumatatu nilimswaga fahali hadi Sirisia. Shemeji yangu, baba yake Barasa, alinikuta langoni, akamtazama mnyama, akaingia ndani. Nekesa ndiye aliyetoka. Huyu ni dada aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na aliyeacha shule ili karo iwe yangu.

"Kaka, ulikuwa unajua siku?"

"Nilijua."

"Wanasema ni mvua."

"Mvua ilinikuta nimeshachelewa."

"Si ungenidanganya kidogo tu," akasema. "Ningeshukuru." Kisha akaniambia nirudi na ng'ombe wangu, kwa kuwa hakuna aliyemhitaji tena.

Aliniruhusu kumwona Barasa. Alikuwa ameketi kwenye majani ndani ya kibanda, amejipaka unga mweupe, mwanamume tayari. Nilikuwa nimemwonyesha ile picha tangu akiwa mdogo, na nadhani ndiyo maana alinihurumia.

"Khocha, mlimpata yule mdudu?"

"Hatukumpata. Tulipata mti."

Nikampa kile kipande. Alikigeuza kwenye mwanga wa mlango, akafuata miduara yake kwa kidole, akakipima uzito. Halafu akakirudisha mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Uweke wewe," alisema.

Ninacho bado, dirishani. Kundu alikufa kwa kile kifua chake miaka michache baadaye, na nikikishika namkumbuka akigonga ukuta kwa kucha. Nimejifunza machache juu ya mawe. Najua sasa kwamba trilobiti hayupo Elgon na hakuwahi kuwepo, kama tulivyoambiwa. Kuhusu watu nilijifunza kwamba anayekupenda anaweza kukusamehe kosa na bado asirudi kukaa karibu nawe. Nekesa hakukanyaga tena kwangu. Alipougua, miaka ya tisini, walimlaza Bungoma, nami nilisikia habari za kifo chake kutoka kwa muuza nyanya. Barasa alipooa, upande wa mama ulisimamiwa na binamu yetu.

Siku hizi tunakutana sokoni Chwele. Ananisalimu vizuri, ananibebea mzigo hadi barabarani, na kuniita mzee. Nilikuwa na dada mmoja, na yeye alikuwa na mtoto mmoja. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na haki ya kuniita khocha, na mara ya mwisho neno hilo liliposemwa kwangu ilikuwa ndani ya kile kibanda.