Mashua Yenye Matanga Mawili

Tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire, miaka ya themanini, mimi na mama tulikaa mtaa wa Oli kwa shangazi, watu tisa chumba kimoja. Nyumba yetu ya Koboko ilikuwa imechomwa moto. Kila nyumba niliyomwonyesha mama aliitoa kasoro: hii mlango unatazama choo, ile jirani anakohoa. Akatangaza kwamba mvua zikianza hatujapata pa kukaa, atarudi Koboko peke yake akalale kwenye majivu. Namjua mama yangu, angekwenda.

Ndipo seremala jirani, aliyekuwa anahama, akasema tunaweza kuchukua mashua yake. Aliileta kwa lori kutoka Rhino Camp, kule mtoni, ili aitengeneze, ikamshinda. Ilikuwa ya mbao, kuukuu, imeegemea magogo kando ya mihogo, na mbele ina kichumba cha watu wawili kilichonuka samaki. Niliipenda papo hapo, mtu mzima mimi. Hata hivyo niliizunguka mara tatu nikijifanya mgumu. Tutapika wapi? Nje. Na hizi mbao za chini zilizoachana?

"Iko muzuri," alisema. "Maji ya mvua itatokea hapo."

Nikamleta mama. Seremala, kwa majivuno, akafungua furushi la vitambaa vizito.

"Mama, hii si mashua ya kuchezea. Iko na matanga mbili."

Mama akarudi nyuma. "Matanga mbili? Nani alikufa?"

Sisi watu wa Koboko tanga la mashua tungelijulia wapi? Matanga kwetu ni ya msiba: watu wanalala kwa wafiwa, moto uani, chai. Seremala akaeleza kwamba ni vitambaa vya kukamata upepo. Mimi nilikuwa nimekaa chini, mbavu sina. Mama hakucheka. Alishika kitambaa kimoja, akakikunja, akakikunjua.

"Baba yako tulimuzika Zaire mbiombio," akaniambia. "Matanga hatukuweka. Nyumba yake pia, hatukulia."

Kicheko kikanikauka. Miezi yote ile nilikuwa namtafutia nyumba mtu ambaye bado yuko msibani.

"Basi hii mbili inatosha," akasema. "Moja ya baba yako, moja ya nyumba. Tunaweka hapa, siku tatu."

Seremala akaanza kukunjua furushi lote.

Tuliyatandaza matanga yale juu ya miti yakawa kivuli. Watu wa Oli wakaja, Waislamu kwa Wakristo, na kuni na sukari. Walimlia baba kisawasawa, kisha wakaanza kututania kuhusu mashua, na jioni ya pili mama mwenyewe alicheka mpaka akashika tumbo. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu iliyokuja baadaye.

Siku ya tatu tukaanua matanga, tukayafunga juu ya kichumba yawe paa. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mama akapanda wa kwanza, akakaa, akapapasa ubao kwa kiganja.

"Lete godoro," akasema. "Matanga imekwisha."