Hereni Ninazotakiwa Kuzivua Kabla ya Mashine ya Sumaku

Habari admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mmasai wa Malambo, nimesoma mpaka darasa la saba. Mwaka juzi nilimzika mwanangu wa kwanza, akiwa na miaka kumi na moja. Alipokuwa mdogo, nikimbeba mgongoni, alikuwa akizipiga hereni zangu ndefu ili visahani vyake vya chuma vilie, kisha ananiita mama kwa Kimasai, "Yeyo, mvua inanyesha."

Tangu tumzike sili vizuri, wala silali. Naweza kusimama zizini na kibuyu mkononi mpaka ndama walie ndipo nikumbuke kukamua. Vidonge nimemeza zaidi ya mwaka bila nafuu. Daktari wa Karatu alisema ni sonona, akanielekeza hospitali ya mbali yenye mashine ya sumaku. Unakaa kwenye kiti ukiwa macho, wanaiweka kichwani, inagonga tok tok, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa.

Nesi akaniambia kwa upole kwamba chuma na shaba yote ya masikioni lazima itoke. Kwetu mke havui hereni hizo mumewe akiwa hai. Kuzivua ni kusema amekufa. Mume wangu, aliyenisindikiza, akanipa mgongo asinione, akanyoosha mkono nyuma.

"Nipe nikushikie, mama watoto. Mimi nipo."

Kila siku alizitunza mfukoni mpaka nitoke. Siku ya nne nilisikia harufu ya chai, nikaitamani, mara ya kwanza tangu tumzike mwanangu.

Siku ya tano homa ikamwangusha mume wangu. Tukakatisha matibabu, tukarudi nyumbani. Ilikuwa malaria, na sasa amepona. Lakini mama mkwe aliniambia mbele ya majirani, "Wewe ulishamvulia hereni. Ulitegemea nini?"

Mume wangu anataka nirudi. Anatania kwamba mbu aliyemuuma hakuangalia masikio yangu kwanza. Hospitali wamenipigia simu, Jumatatu naanza upya. Nikipeleka mkono sikioni naurudisha chini. Nimeshazika mmoja.

Na nikibaki hivi, wapo wadogo zake wawili wanaonitazama kama mgeni. Jana yule wa mwisho alizipiga hereni zangu. Zikalia, akanisubiri niseme kitu, nami sikusikia mvua.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nishikeni mkono kwa maneno yenu. Mngekuwa mimi, mngezivua?