Kurasa Mbili Zilizomponyoka Chujio

Pale gazetini tulimwita Chujio, naye jina alilipenda. Meza yake ilikuwa karibu na choo, imelemewa na vitabu vya watu wasiojulikana: hadithi za walimu wastaafu, mashairi ya makarani. "Wenye majina wana wa kuwasifu," alizoea kusema. "Hawa wana mimi." Nilimsahihishia makala zake za uhakiki wa vitabu miaka tisa, na nakiri nilimwonea fahari, ingawa kwa maringo hakuwa na mpinzani. Alijigamba kwamba haruki hata nukta.

Siku moja kikaja kijitabu cha mashairi cha mama mmoja, fundi cherehani. Alikichapisha kwa mchapaji wa bei nafuu, nakala sitini tu. Chujio akakisifu, ila shairi la mwisho hakulihurumia: "Mshairi amekimbia kilio chake mwenyewe. Mama yake anafika mlangoni, halafu kimya. Bora lisingekuwemo." Niliona maneno ni makali, nikayapitisha. Nani angembishia Chujio?

Baada ya wiki tatu fundi akaja mwenyewe, mkoba begani, uso umechangamka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

"Nimekuja kushukuru. Lile shairi nimelitoa, kama ulivyosema. Hakuna aliyekuwa amenunua bado, kwa hiyo kwenye nakala zote zilizobaki nimelikata kwa mkasi. Na daftari nimelichoma, nisije nikashawishika kulirudisha."

Chujio akatabasamu. Akachomoa nakala yake rafuni amwonyeshe mistari aliyoipenda. Fundi akaipokea, akaifunua hadi mwisho, na kidole gumba chake, kilichozoea vitambaa, kikasita ukingoni mwa karatasi.

"Hapa mchapaji hakupakata, Mzee, kurasa zimeshikana. Nilidhani nakala zote nimezikagua. Kwani wewe hukupafungua?"

Fundi akatoa mkasi mdogo, akapasua taratibu kama anayefumua mshono, na kurasa mbili zikafunguka. Akazisoma kimya, midomo ikimcheza, kisha akamwekea mbele.

Chujio akasoma, nami nikasoma nimesimama nyuma yake. Kumbe mama wa shairini aliingia ndani. Aliketi, akauliza nani amekula na nani bado, akafa kabla hajajibiwa. Sikuwahi kusahihisha kitu kizuri kama kile, na aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Ni zuri," Chujio alisema. "Linayashinda yote. Nitaandika upya, Ijumaa hii hii. Nisamehe, mama."

Fundi alikuwa anafunga mkoba wake.

"Usijisumbue, Mzee. Wakati nalikata nilijiambia, huyu ni msomi, anajua kuliko mimi. Pengine hata mama yangu sikumlilia ipasavyo."

Akatuaga wote wawili kwa adabu, akatoka. Kitabu alikiacha mezani.