Nilienda Kuifunga Akaunti ya Wateja Maalumu

Jamani, leo nimeenda benki kufunga akaunti, nimeishia hospitali.

Kila mwezi wananikata elfu ishirini za "mteja maalumu". Faida yake? Kiti laini na kutopanga foleni. Nikasema basi, nikaacha duka Kariakoo, nikaenda kuifunga.

Foleni imefika mlangoni. Dada wa benki akaniita, "Karibu bosi, pita huku."

Napita kifua mbele, macho kwa macho na mama mkwe. Yuko kwenye foleni, ameshika kitambulisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mashine imemeza kadi yangu. Baba yenu anasubiri kupasuliwa, wanataka hela kabla ya saa sita."

Ilikuwa saa tano na nusu. Na mimi pesa zote nimeagizia mzigo!

Nikamshika mkono nipite naye. Dada akatuzuia, "Huduma hii ni ya mwenye akaunti tu."

"Basi mimi napanga foleni. Yeye akae kwenye kiti changu."

Dada akamtazama mama, akapokea kitambulisho chake.

Dakika kumi, hela mkononi.

Sasa baba mkwe yuko chumba cha upasuaji, tumekaa nje tunaomba Mungu. Mama kaniuliza, "Kwani wewe ulifuata nini benki?"

Nimeinuka kwenda kumnunulia maji. Nyie mngemwambiaje?