Presha Kuka Iliyotakiwa Kurudishwa

Siku niliyonunua presha kuka ya umeme hapa Tunduma, muuzaji alinipa kadi ya waranti nijaze. Jina niliandika. Nilipofika kwenye namba ya simu nikakwama, maana namba yangu mwenyewe siijui kwa kichwa. Nani huwa anajipigia? Na simu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwenye chaji. Namba niliyoijua ilikuwa moja tu, ya mwanangu anayeishi Ndola, upande wa Zambia. Nilikuwa nimeipiga mara nyingi mno bila kupokelewa. Nikaandika hiyo. Muuzaji hakushangaa, nusu ya wateja wake wanatoka upande ule.

Ugomvi wetu niliuanzisha mimi. Alioa binti wa Kibemba, na barua ya posa ikapelekwa bila mimi kushirikishwa. Nikasema harusini siendi, na kwa kichwa changu kigumu kweli sikwenda. Siku hiyo nilikaa uani nachambua maharage, nikijiambia watanikoma. Aliyekoma ni mimi. Baba yake alikuwa ameshafariki, na nyumba ya vyumba vitatu ikabaki na mtu mmoja. Hata hiyo presha kuka niliinunua kwa ajili ya maharage magumu ninayoletewa kutoka Isansa. Nusu kilo naila siku nne, napasha na kupasha mpaka ladha inakimbia. Kupika kwa ajili yako peke yako ni kazi inayochosha kuliko kupikia watu wa msiba.

Jioni moja simu ikaita.

"Mama, shikamoo."

Nilikaa chini. Miaka miwili sikuwa nimeisikia sauti ile.

"Marahaba, baba."

"Mama, ulinunua presha kuka? Watu wa duka wamenipigia. Usiitumie tena. Wanasema ina kasoro, mfuniko unaweza kufyatuka mvuke ukiwa bado umo ndani, ukakuunguza. Ichomoe kwenye umeme. Usimpe jirani, usiiuze. Irudishe dukani hata kama risiti imepotea, watakupa nyingine."

"Sawa."

"Haya, mukwai."

Akakata. Mukwai ni neno la heshima la kule, hata wauza nyanya wa mpakani wanamwambia kila mteja. Niliumia kuagwa kama mteja. Nilikaa na simu mapajani mpaka giza likaingia.

Kesho yake asubuhi niliirudisha. Muuzaji akaipokea, akatazama orodha yake, akanipa nyingine ya aina tofauti, akanishukuru kwa uaminifu wangu. Jioni mwanangu akapiga tena.

"Umeshaipeleka?"

Kinywa kikajibu chenyewe: "Bado, baba. Malori yameziba barabara, hata pa kupita hakuna."

"Basi usiiwashe."

"Siiwashi."

Siku ya pili mvua ilininyeshea, kwa mdomo tu. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, nikashinda kanisani. Siku ya nne duka lilikuwa limefungwa, na ili lifungwe vizuri nikamfisha shangazi wa muuzaji, Mungu anisamehe. Kila jioni saa moja nilikuwa nimekaa mkao wa kusubiri, redio nimeizima. Na kila jioni maongezi yaliongezeka kidogo. Akaniambia amepata kazi gereji. Akaniambia mahindi yamepanda bei. Nyuma yake nilisikia vyombo vikioshwa na nikajua ni nani anayeviosha, lakini sikuuliza. Kiburi nacho ni ugonjwa, tena hakina dawa ya dukani.

Siku ya tisa visingizio vikaniishia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikajua nikisema kweli, hatakuwa na sababu ya kupiga tena.

"Nimeirudisha leo," nikasema.

Nikasubiri aniage.

"Mama," akasema, "duka walinitumia meseji siku ya kwanza kabisa, asubuhi ileile uliyoirudisha. Kwamba mzigo umepokelewa."

Uso uliniwaka kwa aibu. Mwanamke mzima, mjane, nimekamatwa kama mtoto aliyedokoa nyama.

"Sasa siku zote hizo ulikuwa unauliza nini?"

"Na wewe ulikuwa unanijibu nini?"

Vyombo viliendelea kugongana kule nyuma, na nikaona kwamba nikikata simu bila kuuliza, nitakuwa nimekataa harusi mara ya pili.

"Mkeo hajambo?"

"Hajambo. Yupo hapa. Ngoja nimpe simu."

Maji yakafungwa kule, nyayo zikasogea. Nikasimama, nikajifunga kitenge upya vizuri, kana kwamba ataniona.