Ngozi ya Baba Mkwe

Fundi wa matandiko ya viti vya gari hamsalimu mteja kabla hajainusa ngozi. Hii aliinusa, akaigonga kwa kidole, ikalia kama mlango. "Uliianika juani." Mama aliyeileta akainamisha uso. Ilikuwa ngozi ya kondoo ya baba mkwe wake. Aliimwagia maziwa kwa bahati mbaya, akaifua kwa sabuni ya unga, na mzee alikuwa anarudi safarini jioni hiyo. Fundi hakumkaripia. Aliilowesha kidogo upande wa nyuma, akaipaka mafuta, akaivutia gotini huku na huku, akiibembeleza kama mtoto aliyesusa chakula: "Legea basi, mwanangu. Legea." Vidole vilijaa mafuta, kwa hiyo pua ilipomwasha alijikuna kwa bega. Kisha akayachana manyoya kwa brashi ya waya mpaka yakasimama. Mama bado roho mkononi. "Mzee hatagundua?"  Fundi akaitandika kwenye kiti chake kibovu, akakaa, akaegemea, akafumba macho. Mama akangoja jibu, akangoja tena. Aliposikia mkoromo, moyo wake ukatua. Akavuta kigoda taratibu, akaketi, asije akamwamsha.