Nilibandua stika ya duka ili nijue kama RAM zangu zinafanana

Mkuu uliyeandika hapo juu kwamba RAM zikitofautiana speed "haina noma, iliyo fasta inajishusha tu kwa mwenzake", yako labda. Yangu imeganda.

Wakuu mambo? Sitii chumvi, imenikuta mimi mwenyewe wiki hii.

Naedit video za harusi kwenye studio ya mamdogo, Ilala. Pentium 4, RAM moja ya 512, inagandaganda. Kuna mkanda wa send-off, bibi harusi anasafiri Jumapili na anautaka mkononi. Mamdogo kasema mashine ikigoma tena, kazi anampa Shabani, editor wa mtaa wa pili.

Shabani anaweka mioyo inayozunguka kila sehemu. Hata kwenye dua.

Nikaenda Kariakoo dukani kwa mzee Kanti, nikachukua 512 nyingine. Nikamuuliza itaendana na ya kwangu?

"Binti, RAM ni RAM."

Nikazichomeka slot za rangi moja. Screen ikaandika Dual Channel, yaani zinapiga kazi pamoja. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Kuja kurender, yaani kuitoa video nzima, ikaganda bibi harusi akiwa amefumba jicho moja.

Nikajaribu ya zamani peke yake, poa. Mpya peke yake, poa. Zikikaa pamoja, jicho moja.

Ya zamani imeandikwa 333. Mpya, speed imefunikwa na stika ya duka. Ningesubiri nikaulize. Mimi na kusubiri wapi na wapi. Nikabandua.

400.

Nikarudi. "Shikamoo mzee Kanti."

"Marahaba. Stika iko wapi?"

"Nimeibandua nione speed."

"Stika ikitoka, mali hairudi. Ungeniuliza."

"Si nilikuuliza, ukasema RAM ni RAM!"

"Sasa hiyo siyo RAM?"

Wateja wakacheka. Nikaondoka.

Funzo: kama unataka dual channel, nunua mbili pacha siku moja, au nenda na ya zamani mkononi. Na stika usiiguse hata ikufunike macho. Aliyechanganya zikakubali, aseme na aina ya motherboard, asiniambie tu haina noma.

Mimi kesho asubuhi naifunga CPU kwenye kanga, naibeba kichwani mpaka Kariakoo. Naiwasha juu ya kaunta ya mzee Kanti, ile saa wateja wamejaa, narender. Bibi harusi akifumba jicho moja nakaa hapohapo mpaka anitafutie ya 333.

Mamdogo nimemwambia naenda kununua CD.